Kompyuta ya Pili na Siasa ya Kumiliki

Miongoni mwa hukumu zinazotolewa kwa wepesi mno katika ofisi za umma na vyuo vya nchi hii ni ile ya neno moja: "Imekufa." Kompyuta imekataa kuwaka, skrini ni nyeusi, kitufe cha kuwashia hakijibu. Basi hukumu inasomwa, mashine inapelekwa stoo kungojea siku ya kufutwa katika daftari la mali, na fedha nyingine inatafutwa ili inunuliwe mpya. Ni wachache wanaouliza imekufa kwa ugonjwa gani. Katika makala haya nataka tuulize, kwa sababu ipo aina ya kifo cha kompyuta ambacho si kifo bali ni usingizi mzito, na kinachoweza kuiamsha mashine hiyo ni kompyuta nyingine ya ukoo huohuo, kwa idhini ya kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Jambo hili lina sura ya kiufundi. Nitajitahidi kuonesha kwamba kiini chake ni siasa, na kwamba gharama yake tunailipa sisi pasipo kuihoji mahali popote.

Tuanze na ukweli wa mambo. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ilitoa iMac Pro, kompyuta ya kwanza kubeba chipu ya usalama iitwayo T2. Mwaka 2018 chipu hiyo ikaingia katika MacBook Pro, MacBook Air na Mac mini. Mwaka 2019 ikaingia katika Mac Pro. Na mwaka 2020 katika iMac ya inchi 27. T2 ni kompyuta ndogo iliyowekwa ndani ya kompyuta kubwa, nayo ina programu dhibiti yake yenyewe iitwayo bridgeOS. Ndiyo inayokagua, kabla kichakata cha Intel hakijaanza kazi, kama mfumo unaotaka kupakiwa ni halali. Ndiyo inayosimba data yote ya diski ya ndani. Ndiyo inayotunza alama ya kidole cha mtumiaji. Tangu Novemba 2020, Apple ilipoanza kuuza kompyuta zenye vichakata vyake yenyewe, kuanzia M1, kazi hizo zimehamishiwa ndani ya kichakata kikuu. Chipu ya T2 imeachwa, lakini falsafa yake imebaki palepale: mlinzi wa mlango hamtii mwenye nyumba mpaka kwanza amtii aliyemwajiri.

Sasa mlinzi huyo akiugua, inakuwaje? Umeme ukikatika katikati ya kusasisha mfumo, programu dhibiti ya chipu inaweza kubaki nusu imeandikwa na nusu haijaandikwa. Kompyuta haiwezi kujitibu, maana aliyepewa kazi ya kufungua mlango ndiye aliye mahututi. Nyaraka za Apple zinalitaja tukio hili kuwa la nadra sana. Bila shaka ni nadra pale ambapo umeme haukatiki. Kwetu, ambako Mac mini isiyo na betri imechomekwa moja kwa moja ukutani katika ofisi isiyo na kifaa cha kutunza umeme, unadra huo si jambo la kuapia.

Tiba iko, nayo imeandikwa waziwazi. Inatakiwa kompyuta ya pili, nayo iwe Mac. Inatakiwa intaneti. Unatakiwa waya wa USB-C unaopitisha umeme na data pia, maana waya wa kuchajia tu hautoshi. Mgonjwa huingizwa katika hali maalumu iitwayo DFU: kwa kompyuta mpakato hubonyezwa vitufe vinne kwa mpigo, na kwa Mac mini umeme huchomolewa, kisha hurudishwa huku kitufe cha kuwashia kimeshikiliwa. Kompyuta ya pili hufungua programu ya Apple Configurator, ambayo haiuzwi, au, tangu mfumo wa macOS Sonoma wa mwaka 2023, hutumia Finder yake ya kawaida. Hapo ziko njia mbili. Ya kwanza ni kuhuisha, yaani kuandika upya programu dhibiti ya chipu bila kugusa data ya mwenye mashine. Ya pili ni kurejesha, yaani kuandika upya kila kitu na kufuta chote kilichomo. Fundi mwenye busara huanza na ya kwanza, na huijaribu tena kabla ya kuikimbilia ya pili. Katika njia zote mbili, programu mpya huthibitishwa na seva za Apple zinazotoa saini ya kidijitali kwa ajili ya chipu ileile iliyo mezani. Saini isipotoka, hakuna linalofanyika.

Ni lazima niwatendee haki wenye hoja ya upande wa pili, kwa sababu hoja yao ina uzito. Usalama huu si hadithi. Daktari aliyeibiwa kompyuta yenye taarifa za wagonjwa, mhadhiri aliyeibiwa kompyuta yenye mitihani, mwandishi wa habari aliyenyang'anywa kompyuta yenye majina ya watoa taarifa wake, wote hao wanalindwa na usimbaji unaofanywa na chipu hiyo. Nchi iliyotunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022 haiwezi kuudharau ulinzi wa namna hiyo. Tena, programu ya kuhuisha inatolewa bure na maelekezo yake hayakufichwa. Aidha, mwaka 2021 Apple ilitangaza kupanua mpango wake wa mafundi huru hadi nchi zaidi ya 200. Anayedai kwamba kampuni hii imeifungia dunia nje kwa kufuli moja tu hajaisoma habari yote.

Lakini kukubali hayo siyo kuifunga kesi. Hata usalama wenyewe haukuwa kamili kama ulivyotangazwa. Mwaka 2020 wataalamu walionesha kwamba T2 imerithi udhaifu uitwao checkm8, uliokuwa umekwisha kujulikana katika simu za kampuni hiyo mwaka 2019. Udhaifu huo umo katika sehemu ya kumbukumbu isiyoandikika upya, kwa hiyo hakuna sasisho linaloweza kuuondoa. Haikumaanisha kwamba yeyote anaweza kuisoma data iliyosimbwa papo kwa papo. Ilimaanisha kwamba mvamizi mwenye utaalamu, aliyeishika mashine mkononi, anaweza kuendesha programu yake ndani ya chipu ambayo mwenye mashine mwenyewe hana ruhusa ya kuigusa. Hapo ndipo tunapopaswa kuuliza: mlango ambao mwenye nyumba hana ufunguo wake unalindwa kwa niaba ya nani?

Lugha yetu inatusaidia kulifikiri jambo hili. Maneno mmiliki, milki na mamlaka yana asili moja. Kumiliki kitu ni kuwa na mamlaka juu yake: kukitumia, kukifungua, kukitengeneza, kukiuza, hata kukiharibu. Aliyenunua kompyuta amelipa bei ya umiliki, lakini alichokabidhiwa ni haki ya matumizi inayodumu kadiri mlinzi wa ndani atakavyokuwa mzima na kadiri seva ya mbali itakavyoendelea kuitikia. Leo inaitikia, na hakuna anayekanusha. Swali la kisiasa halihusu kama bwana ni mwema leo. Linahusu nini kitatokea siku atakapobadili nia, na kama yuko mtu wa kumshitakia. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mtegemea cha ndugu hufa maskini, na huyu tunayemtegemea si hata ndugu.

Tuitazame pia bei ya tiba hiyo inayoitwa ya bure. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa uzamili aliyeko Songea, aliyejibana miaka miwili akanunua MacBook Air iliyotumika ya mwaka 2018. Ndani yake mna mahojiano ya miezi kadhaa ya uwandani. Siku programu dhibiti inapoharibika, data yake bado iko salama ndani ya diski, nzima kabisa, lakini imesimbwa kwa ufunguo ulio ndani ya chipu iliyozimia. Hawezi kuichomoa diski aichomeke kwenye mashine nyingine kama tulivyofanya zamani, kwani katika kompyuta hii diski imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na hata ingechomoka isingesomeka nje ya chipu yake. Anachohitaji ni Mac ya pili, waya sahihi na intaneti ya kutosha. Kwa mtu wa California hiyo ni kazi ya dakika chache mezani kwa jirani. Kwa huyu kijana ni safari ya basi mpaka Dar es Salaam, nauli, malazi, na fundi asiyemjua. Na fundi huyo akiwa na pupa akachagua kurejesha badala ya kuhuisha, mashine itawaka vizuri, fundi atadai ujira wake kwa haki zote, na tasnifu itakuwa imefutika. Kiufundi mtiririko huo wote ni halali. Kijamii ni kodi anayotozwa mwenye mashine moja kwa kosa la kutokuwa na mbili.

Kuna na kufuli la pili linaloongezea uzito wa hilo la kwanza. Tangu mwaka 2019, kwa mfumo wa macOS Catalina, kompyuta zenye T2 zinaweza kufungwa kwa akaunti ya mwenyewe ili mwizi asifaidike. Nia ni njema. Lakini kampuni au shule ya ughaibuni inapouza kompyuta zake zilizotumika bila kuziondoa katika akaunti, kufuli hilo husafiri nazo. Kuhuisha chipu hakuliondoi. Wakarabati wa kompyuta zilizotumika huko Marekani kwenyewe wamelalamika kwamba hulazimika kuvunja vipuri vya mashine nzima kwa sababu hiyo tu. Kompyuta za aina hiyo zinapofika Kariakoo au Luthuli Avenue ya Nairobi, mnunuzi wa tatu anakutana na mlango aliofungiwa na mtu asiyemjua, katika nchi asiyoifika. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki inasema kuwa mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Katika takwimu ya namna hiyo, mashine nzima iliyofungwa na mashine iliyoungua huhesabiwa kwa kilo zilezile.

Asije mtu akadhani nina ugomvi na kampuni moja. Microsoft ilipotoa Windows 11 mwaka 2021 ilitaka kila kompyuta iwe na chipu ya usalama ya kiwango cha TPM 2.0, kisha ikakoma kuihudumia Windows 10 kama kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta zinazofanya kazi vizuri zikageuzwa wazee kwa tangazo. Katika kilimo, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani iliishitaki kampuni ya matrekta ya Deere mwezi Januari 2025, ikidai kwamba inawanyima wakulima na mafundi huru programu ya kutengenezea matrekta yao. Kompyuta ni mlango wa kwanza tu. Trekta, gari na mashine ya hospitali zinafuata njia ileile, na anayezoea kupiga magoti mbele ya kompyuta atapiga magoti shambani na wodini.

Je, historia yetu inasema nini? Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilisimikwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Tulinunua mashine na utegemezi wake kwa pamoja, na hesabu za serikali zilipoingia matatani, jibu la mwaka 1974 likawa kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Lilikuwa jibu la taifa lililoogopa kutawaliwa na kitu lisichokielewa, miaka saba tu baada ya Azimio la Arusha. Hofu ilikuwa ya haki. Dawa ilikuwa mbaya, kwa sababu kujitegemea hakupatikani kwa kukikimbia chombo. Leo tumeruka kutoka kosa moja hadi jingine. Badala ya kupiga marufuku tunasujudu. Tunanunua chochote kinachong'aa, hatuulizi kinafunguliwaje, na kinapolala tunakizika. Marufuku na kusujudu ni watoto wa mama mmoja, naye ni ujinga wa kutojua chombo kinafanyaje kazi.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa siielekezi California. Kampuni imefanya kile ambacho kampuni hufanya pasipo sheria ya kuizuia. Lawama yangu naielekeza kwetu sisi tunaoandika zabuni, tunaokaa kwenye kamati za ununuzi na tunaofundisha vyuoni. Tunaandika kurasa za vigezo kuhusu ukubwa wa kumbukumbu na kasi ya kichakata, wala hatuandiki mstari mmoja unaouliza: chipu ya usalama ikiharibika, nani ataihuisha, wapi, kwa siku ngapi, na data ya umma itakuwa wapi wakati huo? Tunatoa shahada za sayansi ya kompyuta, na mhitimu anaweza kuondoka hajawahi hata mara moja kuihuisha programu dhibiti kwa mkono wake. Kisha tunamdharau fundi wa mtaani aliyejifunza kwa kuungua vidole, tukimwita mbabaishaji, ilhali yeye ndiye pekee anayebaki na mgonjwa mikononi sisi tukishaandika "Imekufa."

Yapo mambo ya kufanya, na hayahitaji mfadhili.

La kwanza ni kompyuta ya pili ya umma. Kidole kimoja hakivunji chawa, na Mac moja haijihuishi. Kila chuo kikuu na kila chuo cha VETA cha mkoa kinaweza kuwa na dawati moja lenye Mac moja nzima, nyaya sahihi, intaneti ya uhakika na fundi mmoja aliyefunzwa kuhuisha kabla ya kurejesha. Dawati hilo liwahudumie wananchi wote, na orodha ya mali chakavu isifungwe kabla mashine hazijapita hapo.

La pili ni kuandika haki katika mikataba ya ununuzi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatumika kununulia mali nyingi sana kwa fedha za walipakodi. Mnunuzi mkubwa kiasi hicho anayo haki ya kumtaka muuzaji aahidi kwa maandishi kwamba mashine itahuishika ndani ya nchi, kwamba zana na maelekezo vitakuwepo, na kwamba kufuli za akaunti zitaondolewa kabla mali haijauzwa kwa mnada. Taasisi za umma nazo ziondoe kufuli zao wenyewe kabla ya kuuza, zisije zikamfanyia raia kile tunachowalaumu wageni kwa kukifanya.

La tatu ni sheria ya haki ya kutengeneza. New York ilisaini sheria yake Desemba 2022, California ikafuata Oktoba 2023, na Umoja wa Ulaya ukapitisha maelekezo yake mwaka 2024. Apple yenyewe ilianza kuwauzia wateja vipuri na kuwapa miongozo ya kujitengenezea huko Marekani Aprili 2022, na katika baadhi ya nchi za Ulaya Desemba ya mwaka huohuo. Hakuna hata moja ya sheria hizo inayomlinda mwanafunzi wa Songea. Sisi tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo inagusa pia ulinzi wa mlaji, lakini iliandikwa wakati ambapo kitu kilichouzwa kilikuwa kimeuzwa. Inahitaji kukutanishwa na zama ambazo muuzaji huendelea kushikilia ufunguo baada ya kupokea fedha.

Nitaambiwa kwamba soko letu ni dogo, na kwamba wakubwa hawatatusikiliza. Jibu langu ni mfano wa karibuni. Kwa miaka mingi Apple ilishikilia tundu lake la kuchajia simu na kupinga kulazimishwa kulibadili. Umoja wa Ulaya ulipoamua kwa sheria mwaka 2022 kwamba simu zitumie tundu la aina moja, iPhone 15 ya mwaka 2023 ilitoka na USB-C. Na iPhone 15 inayouzwa Dar es Salaam ina tundu lilelile, wala sisi hatukuchangia hata barua moja. Nchi moja ya kwetu ni soko dogo, naam. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane, kuanzia Mogadishu mpaka Kinshasa. Jumuiya inayoweza kukubaliana juu ya ushuru wa bidhaa zinazoingia inaweza kukubaliana pia juu ya sharti moja: kinachouzwa hapa kitengenezeke hapa. Tusipolisema hilo, tutaendelea kuishi kwa makombo ya sheria za wengine, tukifaidika kwa bahati pale maslahi yao yanapofanana na yetu.

Natoa changamoto kwa makamu wakuu wa vyuo vyetu, kikiwemo ninachofundisha mimi. Kabla bajeti ijayo haijaomba kompyuta mpya hata moja, fungueni stoo. Hesabuni mashine zilizoandikwa kuwa zimekufa, azimeni Mac moja na waya mmoja, wawekeni wanafunzi mezani na wasimamizi wao, kisha tangazeni hadharani ni ngapi zilizoamka na ni ngapi zilizogoma. Zitakazoamka zipelekwe kwa wanafunzi wasio na kompyuta. Zitakazogoma ziandikiwe sababu, na sababu hizo zipelekwe bungeni. Huo ni utafiti usiohitaji ruzuku, na matokeo yake yatakuwa hoja ambayo hakuna muuzaji atakayeweza kuikwepa.